Mjinga ni Nani? Sisi na Tamthilia za Wapenzi Laghai

Jumamosi moja tulikuwa watu saba chumbani kwangu Mabibo. Kompyuta ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa, na ndani yake ilikuwa ikienda tamthilia ya Kimarekani iitwayo Dirty John. Ukitaka kujua sisi Waswahili tunavyotazama filamu, usiitazame filamu, watazame watazamaji. Kila mtu ni mshauri. "Mama wee, usimfungulie mlango!" "Daktari gani huyo, kila siku yuko nyumbani?" "Haa, anamrudia tena! Huyu mama mjinga kweli!" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuja kunijulia hali. Tamthilia ilipofika katikati aliinuka akasema anakwenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Nikamfuata uani, nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Nyie mnamcheka kwa sababu jina la mchezo limeshawaambia huyo mwanamume ni nani. Mimi wangu hakuja na jina."

Ndugu msomaji, makala haya yameanzia pale uani. Nilikuwa nimeshakusudia kuandika uhakiki wa kawaida, ule tuliofundishwa darasani: dhamira, wahusika, mandhari, lugha, kufaulu na kutofaulu kwa msanii. Nitagusa hayo, lakini swali langu limekuwa jingine. Tamthilia hizi za visa vya kweli, za mume au mchumba laghai anayemzunguka mwenzake mpaka anammaliza, zimejaa kila mahali na vijana wa mjini tunazitazama usiku kucha. Zinatufanya tuwe watazamaji wa namna gani? Je, zinatufundisha kumtambua laghai, au zinatufundisha kumcheka aliyelaghaiwa?

TAA INAYOFIFIA

Mambo haya si ya jana. Mwaka 1938 Mwingereza Patrick Hamilton aliandika mchezo wa kuigiza ulioitwa Gas Light, ukachezwa London. Waingereza waliugeuza kuwa filamu mwaka 1940, na Wamarekani wakaufanya upya mwaka 1944 chini ya mwongozaji George Cukor. Hiyo ya mwaka 1944, Gaslight, ndiyo inayojulikana zaidi, na ndiyo iliyompatia Ingrid Bergman tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Hiki si kisa cha kweli, ni cha kubuni. Lakini nakianza nacho kwa sababu tamthilia zote za siku hizi zimekaa kwenye mabega yake.

Paula, binti aliyelelewa na shangazi mwimbaji, anaolewa haraka haraka na Gregory, bwana mpole mwenye sauti laini. Bwana huyo anamshawishi warudi kuishi London katika nyumba ileile ambamo shangazi aliuawa. Hatujachukua muda tunaanza kuona vitu vidogo vikipotea. Anampa mkewe kipini cha urithi, anakitia mwenyewe kwenye pochi ya mkewe, kisha kipini hakipo. Picha inatoka ukutani, mke anaambiwa ni yeye aliyeiondoa. Kila usiku bwana akitoka, taa za gesi chumbani zinafifia na vishindo vinasikika darini. Mke akisema, anaambiwa ni mawazo yake. Kumbe ni bwana mwenyewe yuko darini, kawasha taa za huko, anatafuta vito vya marehemu.

Kutokana na kichwa cha mchezo huo Waingereza na Wamarekani wamepata kitenzi cha kumwelezea mtu anayemfanya mwenzake asiyaamini macho yake mwenyewe. Mwaka 2022 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster walilitangaza neno hilo kuwa neno la mwaka. Sisi tunaweza kusema jamaa anamfanya mwenzake ajione chizi, na kila mtu ataelewa.

Lakini nilipoirudia filamu hiyo baada ya yale maneno ya dada, nilimtazama mtu mwingine kabisa. Nilimtazama Nancy, mfanyakazi wa ndani, aliyeigizwa na Angela Lansbury akiwa bado msichana. Nancy hamwibii Paula wala hampigi. Anamjibu kwa dharau tu, anamkazia macho, anajipendekeza kwa bwana. Gregory amekwisha kuwaambia watumishi kwamba mama mwenye nyumba si mzima. Kuanzia hapo kila Paula anapoulizia kitu kilichopotea, jibu la Nancy linamwambia jambo lilelile analoambiwa na mumewe. Kisha siku wanapokwenda kusikiliza muziki katika nyumba ya watu wakubwa, Gregory anaitoa saa yake kwenye pochi ya Paula kana kwamba kaiba, na mwanamke analia mbele ya hadhira. Ukumbi mzima unageuka kumtazama. Sasa ana mashahidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Laghai hafanyi kazi peke yake. Anahitaji watu wa pembeni wakubali kwamba yule mwanamke ndiye mwenye matatizo. Na watu wa pembeni ni wengi, na wengi wao ni watu wema.

DIRTY JOHN: JINA LINALOMALIZA MCHEZO

Tuje kwenye tamthilia iliyotuchekesha. Dirty John ilianza kuonyeshwa Marekani Novemba 2018, sehemu nane, ikiongozwa na uigizaji wa Connie Britton na Eric Bana. Imetokana na podikasti ya mwaka 2017 iliyotengenezwa na mwandishi Christopher Goffard wa gazeti la Los Angeles Times. Kisa ni cha kweli. Debra Newell, mama mwenye biashara yake nzuri ya kupamba nyumba huko California, alikutana na John Meehan mwaka 2014 kwa kupitia mtandao wa kutafuta wachumba. John alijitambulisha kuwa daktari wa usingizi aliyewahi kufanya kazi Iraki. Hawakumaliza hata miezi mitatu, wakafunga ndoa Las Vegas kimyakimya, bila watoto kujua.

Ukweli ulikuwa kwamba John hakuwa daktari. Aliwahi kuwa muuguzi wa usingizi, akapoteza leseni kwa mambo ya dawa za kulevya, na alikuwa ametoka kifungoni siku chache tu kabla ya kukutana na Debra. Wanawake kadhaa kabla yake walikuwa wamekwenda mahakamani kuomba amri ya kumkataza asiwasogelee. Karatasi zenye habari hizo Debra alizikuta ndani ya nyumba. Akahama, akawa analala hotelini kwa kujificha. Halafu akamrudia.

Hapo ndipo chumba chetu kilipolipuka kwa kelele za "mjinga!"

Kifani, tamthilia hii ina ufundi wa kutosha. Eric Bana hamwigizi John kama shetani mwenye pembe. Anamwigiza kama mtu anayesikiliza. Anauliza maswali, anakumbuka majibu, anamtazama mama huyu kana kwamba ukumbini hakuna mwingine. Kwa mwanamke aliyeolewa na kuachika mara kadhaa, na ambaye siku nzima anahudumia wateja, hicho ni chakula kwa mwenye njaa. Na John akikamatwa na uongo mmoja, anakuwa na maelezo. Si maelezo mazuri, lakini yapo, na yanakuja na machozi. Debra halazimiki kuamini kwamba mumewe hana kosa. Analazimika kuamini tu kwamba huenda mambo ni magumu kuliko karatasi zinavyosema. Nani kati yetu hajawahi kuamini hivyo kuhusu mtu anayempenda?

Kasoro yake kubwa iko kwenye jina. Jina linatupa sisi watazamaji kitu ambacho Debra hakuwa nacho, yaani mwisho. Tunaingia tukiwa tumeshajua. Wasanii wanaliita jambo hili taharuki: mtazamaji anajua kuna nyoka chini ya kitanda, mhusika hajui, basi moyo unatudunda. Ni mbinu ya halali, hata ngano za bibi zinaitumia. Lakini katika kisa cha namna hii inatupandisha juu ya mwanamke huyu. Tunamwona kwa chini. Kila anapocheka na John tunamwona zuzu, na tunasahau kwamba tungekuwa sisi mezani pale bila kichwa cha habari, tungemwambia, "Shoga, umepata mume."

Kasoro ya pili ni mwisho wenyewe. Agosti 2016 John alimvamia Terra, binti mdogo wa Debra, katika maegesho ya magari, akiwa na kisu. Binti alipambana, akakipata kile kisu, akajiokoa, na John akafa siku chache baadaye. Waendesha mashtaka waliona kwamba binti alikuwa akijitetea. Haya yalitokea kweli, msanii hawezi kuyaacha. Lakini yakishawekwa mwishoni kwa muziki na damu, yanatufutia maswali yote. Laghai kafa, binti kapona, tunazima kompyuta tunakwenda kula chipsi.

Kitu ambacho tamthilia hii inacho na ambacho kinaibeba kuliko vyote ni hadithi ya bibi. Mama yake Debra, anayeigizwa na Jean Smart, ni mama mcha Mungu, mpole, mwenye tabasamu. Mwaka 1984 binti yake mwingine, dadake Debra, aliuawa kwa risasi na mumewe. Na mama huyu alisimama mahakamani akatoa ushahidi wa kumsaidia muuaji, kwa sababu aliamini katika kusamehe. Muuaji alikaa gerezani kwa muda mfupi sana, haukufika hata miaka mitatu.

Ukishalijua hilo, unarudi kumtazama Debra na swali lako linabadilika. Huulizi tena, "Kwa nini ni mjinga?" Unauliza, "Alijifunza wapi kusamehe namna ile?" Jibu liko sebuleni, limekaa kwenye kochi linakunywa chai. Hapo ndipo waandishi wa tamthilia walipoacha kutafuta msisimko wakaanza kutafuta chanzo. Bahati mbaya wanaliacha jambo hilo upesi, wanakimbilia visu.

NDEGE, HOTELI NA PICHA YA DAMU

Februari 2022 ilitoka filamu ya The Tinder Swindler, ya mwongozaji Felicity Morris. Hii ni filamu ya habari, waliotendewa wanazungumza wenyewe. Ilitokana na uchunguzi wa gazeti la VG la Norway wa mwaka 2019. Kijana wa Kiisraeli aliyezaliwa kwa jina la Shimon Hayut alijiita Simon Leviev, akajifanya mtoto wa tajiri wa almasi. Cecilie Fjellhøy, Mnorway aliyekuwa akiishi London, alikutana naye hotelini, na siku hiyohiyo wakapanda ndege binafsi kwenda Bulgaria. Baada ya muda ikaja picha ya mlinzi wake kichwa kimejaa damu. Maadui wananiwinda, siwezi kutumia kadi yangu, nisaidie kwa kadi yako. Cecilie akakopa, akakopa tena, benki baada ya benki.

Kifani filamu hii ni janja kuliko Dirty John katika jambo moja. Ingawa jina linatuonya, mwanzo wake mrefu unamwachia Cecilie asimulie mapenzi kama mapenzi. Anatabasamu akisimulia. Mandhari inang'aa. Kwa dakika kadhaa hata wewe unayejua mwisho unasema moyoni, "Duh, hata mimi ningepanda hiyo ndege." Hapo mtazamaji ameshushwa kutoka kwenye kiti cha hakimu. Amekuwa mmoja wao.

Tena filamu inafichua utaratibu wa kazi yenyewe. Fedha ya mwanamke mmoja ndiyo inayolipia hoteli na chakula cha kumvutia mwingine. Pernilla Sjöholm wa Sweden, ambaye kwa Simon alikuwa rafiki tu na si mpenzi, alistarehe naye bila kujua kwamba anayelipa ni Cecilie. Kwa hiyo kila mtu katika maisha ya laghai anatumika kama pambo la kumshawishi mtu mwingine. Mlinzi ni pambo, mpenzi wa jana ni pambo, rafiki ni pambo. Ni mambo yaleyale ya Nancy na ukumbi wa muziki, ila sasa yana ndege.

Habari zilipotoka, unadhani watu walisemaje? Wengi waliwatukana wale wanawake. Waliitwa wapenda pesa, wakaambiwa wameyataka wenyewe. Simon alikamatwa Ugiriki mwaka 2019, akarudishwa Israeli, akahukumiwa miezi 15 kwa makosa mengine ya utapeli, akatoka baada ya miezi mitano. Filamu ilipopata umaarufu naye alipata umaarufu. Akawa anauza salamu za video kwa mashabiki. Wanawake wale walibaki na madeni.

Filamu haiwezi kulaumiwa kwa matusi ya watu. Lakini kamera nayo ilizipenda mno zile ndege, zile saa na yale magari. Ukiwaonyesha vijana wasio na ajira mtu anayeishi hivyo kwa saa moja na nusu, halafu ukawaambia kwa dakika chache kwamba ni mbaya, watakumbuka lipi? Hapa kwetu nimewasikia wenyewe: "Jamaa noma! Mtoto wa mjini."

SUNGURA AMEKUWA FISI

Tukubali ukweli, lugha yetu inampenda mjanja. Tumelelewa na Sungura na Abunuwasi. Neno "mjanja" ni sifa. Aliyetapeliwa tunasema "kaingizwa mjini", kama vile kosa ni lake kwa kuwa mshamba. Kupiga kamba ni kipaji, kupigwa kamba ni aibu.

Lakini tuzitazame zile ngano vizuri. Sungura anamdanganya nani? Anamdanganya Simba, anamdanganya Tembo, wenye nguvu wanaotaka kumla au kumnyima maji. Abunuwasi anawazunguka mfalme na matajiri. Ujanja katika ngano zetu ni silaha ya mnyonge. Laghai wa tamthilia hizi anamdanganya yule aliyemfungulia mlango, akampikia, akamwonyesha alipojeruhiwa zamani. Huyo si Sungura. Ni Fisi aliyevaa ngozi ya Sungura, na sisi tunampigia makofi kwa sababu tumeona masikio marefu.

Kwenye mabanda ya video watafsiri wetu, Lufufu na wenzake, walikuwa na desturi nzuri. Wakati filamu inakwenda walitia maneno yao, wakamsuta mhusika, wakamwonya mwingine, wakatukumbusha habari za mtaani kwetu. Filamu ya mbali ikawa jambo la hapa. Nadhani mhakiki naye ana kazi hiyohiyo. Ila mtafsiri akimwita mwanamke mjinga, banda zima litamwita mjinga. Anayeshika kipaza sauti achague maneno.

MAKSUUDI TUNAMJUA

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na mitandao yao. Wanaosema hivyo walilala darasani. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed alituandikia riwaya ya Utengano, na wengi wetu tumeisoma kwa ajili ya mtihani. Maksuudi ni nani? Nje ni mheshimiwa, mtu wa dini, mtu wa siasa, anaamkiwa kila anakopita. Ndani amewafungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna, hawatoki, hawaonani na watu. Tamima anashikwa na uchungu, anaitiwa mkunga kumzalisha, na kwa kosa hilo la kuingiza mtu ndani Maksuudi anampiga na kumpa talaka palepale.

Sikumbuki hata mwanafunzi mmoja aliyemcheka Tamima. Hakuna aliyesema, "Mjinga huyu, kwa nini hakutoka?" Kwa nini? Nimelifikiria sana jambo hili. Naona ni kwa sababu mwandishi alitutia ndani ya nyumba. Tuliusikia mlango ukifungwa tukiwa upande wa Tamima. Tena alituonyesha mtaa uliomwamkia Maksuudi asubuhi, tukauona uzito wa ile heshima, tukajua kwamba Tamima angetoka akasema, angesemea wapi? Zile tamthilia za Kimarekani zina nyumba nzuri kuliko ile, lakini mara nyingi zinatuacha dirishani, tunachungulia.

MAITI AU MAMILIONI

Liko jambo jingine linalonisumbua. Kisa cha kweli hakigeuzwi kuwa tamthilia mpaka kiwe na maiti au mamilioni. John alikufa, ndipo tukamjua Debra. Dola nyingi zilipotea, ndipo tukamjua Cecilie. Mtazamaji anazoea kudhani kwamba ulaghai wa mapenzi ni jambo kubwa, la visu na ndege, kwa hiyo aliyedhulumiwa kidogo kidogo hajioni popote.

Sheria nazo zilichelewa hapo hapo. Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2015 ndiyo iliyofanya kuwa kosa la jinai kumtawala mwenzako nyumbani kwa vitisho na masharti hata kama hujamwekea mkono. Sally Challen, aliyemuua mumewe mwaka 2010 na kuhukumiwa kwa mauaji ya kukusudia, alifutiwa hukumu hiyo mwaka 2019 baada ya mahakama kupata ushahidi mpya wa daktari wa magonjwa ya akili, katika kesi iliyozungumzia maisha ya kutawaliwa aliyoishi, akakubaliwa kosa la kuua bila kukusudia na akatoka. Kenya nayo ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani, na ndani yake unyanyasaji wa kiakili na wa kiuchumi umetajwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Ni jambo jema. Lakini mume wa dada yangu hakuwahi kumpiga.

Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Waliandamana kwa ajili ya waliokwisha kufa. Mwandishi anaweza kufika kabla ya hapo, na ndiyo maana naandika makala haya kwenu na si kwa mawakili.

TUANDIKEJE?

Niseme la kwangu kwanza. Miaka michache iliyopita niliandika hadithi fupi ya kijana wa Sinza anayewachuna wanawake watatu kwa mpigo. Niliisoma mbele ya wenzangu, wakagongeana mikono kwa kicheko. Nilijivuna. Leo nikiisoma naona kwamba kijana nimempa maneno matamu, ndoto, mama mgonjwa na mzaha kila ukurasa. Wale wanawake watatu nimewapa majina na mikoba. Sikuwadanganya peke yangu, nilishirikiana na mhusika wangu.

Kwa hiyo rai yangu kwa waandishi chipukizi ni hii. Ukimwandika laghai, usimpe yeye peke yake akili. Mpe mwanamke akili yake yote, kisha utuonyeshe namna akili hiyohiyo inavyotumika kumfunga: anavyopanga hoja, anavyotafuta ushahidi kwamba mwenzake ni mwema, anavyoupata. Na kama anayelaghaiwa ni mwanamume, maana wapo wengi wanaokaa kimya kwa kuogopa kuchekwa, fanya vivyo hivyo. Pili, usikimbie kile kitendo cha kurudi. Debra kurudi kwa John ndicho kiini cha kisa, lakini sisi tulikitazama kama kosa la mwandishi. Tatu, mwandike mtu wa pembeni. Mwandike Nancy. Mwandike mama aliyesamehe kwa niaba ya marehemu. Mwandike mtaa unaomwamkia Maksuudi. Waandishi wa tamthilia hizi wanamwacha mtu huyo kwa sababu hana msisimko. Sisi tunamjua, tunaye kila ukoo.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi, dada alikuja tena, akaniomba tuitazame Dirty John toka mwanzo, sisi wawili tu. Tuliitazama taratibu. Alikuwa ananisimulia ya kwake katikati: jinsi kadi yake ya benki ilivyokaa kwa mume "ili tupange maisha", jinsi alivyohesabiwa dakika kutoka kazini hadi kituo cha daladala hadi mlangoni, jinsi marafiki zake walivyopungua mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu iliyokuwa na maana siku ile. Hakuna maiti, hakuna mamilioni. Mshahara wa mwalimu na miaka minne.

Tulipofika pale Debra anapomrudia John, dada akanyoosha mkono, akasimamisha picha. Nilingoja aseme kitu kuhusu Debra.

Akasema, "Hapa mimi nilikuwa naongea na wewe kwenye simu."

Nikakumbuka. Ilikuwa usiku, alikuwa amekimbilia kwa mama mkubwa na begi moja. Nilimwambia, "Dada, ndoa ni uvumilivu. Shemeji mbona mtu mzuri tu. Rudi ukayazungumze." Nilikuwa nampenda shemeji. Alikuwa ananinunulia vocha, ananiuliza habari za uandishi wangu, na alikuwa anakumbuka majibu.

Dada hakunilaumu. Alibonyeza picha iendelee, tukatazama mpaka mwisho. Ile hadithi yangu ya kijana wa Sinza nimeanza kuiandika upya. Safari hii inaanza na simu inayoita usiku, na anayeipokea ni mdogo mtu, mtu mwema, msomi, ambaye hana nia yoyote mbaya.